Daftari la Mtu Mmoja: Jinsi ya Kuutambua Utafiti wa Taaluma na Ajira

Hotuba kwa walimu washauri wa taaluma, maafisa wa kazi, wakutubi na viongozi wa mafundi, Kisumu

Bwana Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu washauri wa taaluma, maafisa wa kazi, wakutubi, mafundi wa jua kali mliofunga karakana ili mfike hapa, mabibi na mabwana, hamjambo.

Katika shule nyingi za upili za ukanda huu, kuanzia Nakuru hadi Busia, yuko mwalimu mmoja mwenye daftari. Ameandika majina ya waliomaliza kidato cha nne, nambari za simu, na mbele ya kila jina ameandika alichosikia: "yuko Maseno", "anaosha magari Kondele", "ameolewa Siaya", "haijulikani aliko". Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Anapohamishwa, daftari huondoka naye au huachwa kwenye droo na mwenye kushika nafasi yake hulitumia kuandikia mengine.

Daftari hilo ni mwanzo wa utafiti. Tunaloomba leo ni kwamba likadiriwe kama utafiti mwingine wowote unavyokadiriwa, yaani kwa orodha yake, maswali yake na ukweli wake kuhusu wale ambao hawakupatikana, na aliyelifanya apewe haki yake hata kama hana shahada ya pili.

Wapo watakaouliza: mtu mmoja na daftari watabadilisha nini? Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mwingereza, Keith Hart, alikaa mtaa wa Nima, Accra, akiwafuatilia wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ghana. Aliangalia nani anauza nini, nani anamkopesha nani, nani ana mshahara mdogo mchana na shughuli nyingine jioni. Kwa hesabu za kawaida za wakati ule, wengi wao wangeitwa watu wasio na ajira. Yeye akaonyesha kwamba wengi walikuwa na njia zaidi ya moja ya kupata riziki. Aliyasema hayo katika kongamano Sussex, Uingereza, mwaka 1971, na mwaka uliofuata ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliokuja hapa Kenya ukalitumia wazo la sekta isiyo rasmi katika ripoti yake kuhusu ajira nchini mwetu. Leo, takwimu za kila mwaka za KNBS, shirika la taifa la takwimu, zikiacha nje kilimo kidogo na ufugaji wa kuhamahama, zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako katika sekta hiyo. Jambo lililokuwa haliandikwi likapata safu yake katika vitabu vya serikali, na lilianza na mtu aliyekaa mtaani akasikiliza.

Swali lenyewe si geni kwetu pia. Mwaka 1966, si mbali na hapa, wataalamu walikutana Kericho kuzungumzia elimu, ajira na maendeleo ya mashambani, kwa sababu vijana walikuwa wanamaliza shule na kukosa pa kwenda. Miaka hiyo yote imepita, na bado shule nyingi haziwezi kujibu swali dogo kabisa: wale waliotoka hapa mwaka juzi wako wapi?

Basi tuanze na orodha, maana utafiti mwingi wa aina hii huharibika kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Orodha iwe ya watu wote waliosajiliwa kufanya mtihani mwaka huo. Isiwe ya wale mwalimu anaowakumbuka. Anaowakumbuka ni waliofaulu sana, waliosumbua sana na waliokuwa viranja. Yule aliyekaa katikati ya darasa, akapata D+ na kuondoka kimya, ndiye wengi wanaofanana naye, na ndiye hakumbukwi. Mwalimu akianza na kumbukumbu yake ameshachagua majibu.

Wakati mzuri wa kuchukua nambari za simu ni ule mwanafunzi anapokuja kuchukua cheti. Mwezi wa Novemba, mtihani ukiisha, vijana wengi bado hawajapata kitambulisho, kwa hiyo simu anayokupa ni ya mama au ya kaka. Akifikisha miaka 18 anasajili laini yake mwenyewe, na ile ya kwanza haikufikishi kwake tena. Akija kwa cheti, chukua nambari tatu: yake, ya mzazi au mlezi, na ya jamaa asiyelala nyumba moja nao. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuokoa mwaka wa pili. Andika pia kijiji na kata, maana kuna siku simu zote tatu zitakuwa zimezimwa na utalazimika kupanda bodaboda.

Lakini hapo pana mtego. Fungueni kabati la ofisi ya shule mtazame vyeti ambavyo havijachukuliwa. Vingi ni vya waliobaki na deni la karo, na hata pale wanapoambiwa vyeti visizuiliwe, wengine huona haya kurudi. Kwa hiyo mwenye kuchukua nambari wakati wa vyeti tu atawakosa maskini wa darasa, wale hasa ambao ushauri wa taaluma uliwahitaji zaidi. Utafiti wenu utatoka unang'aa, na sababu ya kung'aa itakuwa ni kabati lile. Andikeni kwenye daftari nani amechukua cheti na nani hajachukua, kisha wale wa kabatini watafuteni kwa njia nyingine: kwa wadogo zao walio bado shuleni, kwa wazee wa mtaa, kwa waliokaa nao dawati moja.

Sasa kuna ugonjwa wa sampuli, yaani kuteua wachache wawakilishe wote. Wanafunzi wengi wa shahada ya pili hufungua jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, au hutumia fomula ya Yamane ya kazi hiyo hiyo, na kwa darasa la watu 120 wanaambiwa wachukue 92. Hesabu ni sahihi. Lakini ukishapewa 120, kwa nini uwaache 28? Kwa darasa moja la shule moja usichukue sampuli, watafute wote. Jedwali lile linafaa unapokuwa na maelfu na huwezi kuwafikia. Tena linakuambia uhitaji majibu mangapi. Halikwambii la kufanya watu 40 kati ya uliowateua wasipopatikana.

Na wasiopatikana ndio nusu ya jambo hili. Tuchukue hesabu ya mfano. Darasa lilikuwa na watu 120. Mwalimu amewapata 66. Kati ya hao 66, watu 40 wana kazi ya kuwaingizia kitu. Akiandika "asilimia 61 ya wahitimu wetu wana kazi", amesema jambo asilolijua, kwa sababu watu 54 hawajasema lolote. Iwapo wote 54 hawana kazi, walio na kazi ni 40 kati ya 120, yaani asilimia 33. Iwapo wote 54 wanayo, ni 94 kati ya 120, asilimia 78. Ukweli uko mahali fulani kati ya 33 na 78. Tunajua mwalimu mkuu hapendi kusikia hivyo, kwa kuwa hakuna bango linaloweza kuandikwa "kati ya 33 na 78". Lakini mwalimu anayeziandika namba zote mbili, akaeleza 54 wale ni wa aina gani, wangapi wavulana, wangapi wasichana, wangapi vyeti vyao viko kabatini, huyo ametupa kazi ya kutegemewa. Jopo lolote la kutoa tuzo lingempa alama nyingi kuliko mwenye asilimia 61 isiyo na maelezo.

Jinsi ya kuupunguza mwanya huo ni kazi ya miguu na subira. Piga simu angalau mara tano kwa kila jina, siku tofauti na saa tofauti, mara moja ikiwa jioni baada ya saa kumi na moja na mara moja ikiwa Jumapili mchana. Kila jaribio liandikwe: tarehe, saa, matokeo. Imezimwa, haikushikwa, amepokea mama, amekataa, amejibu. Mama akijibu kwa niaba ya mwanawe, weka alama ya kuonyesha kuwa jibu ni la mtu mwingine, wala usilichanganye na majibu ya wenyewe. Mzazi atasema "yuko Nairobi, anafanya kazi" kwa moyo safi kabisa, na kijana mwenyewe ukimpata atakuambia amekaa miezi mitatu kwa binamu yake Kayole akingoja kuitwa.

Gharama yake si ya kutisha. Ukikadiria dakika kumi za maongezi kwa kila jina, pamoja na simu zinazopotea, na ukiweka shilingi tano kwa dakika, watu 120 ni shilingi 6,000 za kredo. Ongeza nauli ya bodaboda kwa wale wa kutafutwa nyumbani. Mara nyingi pesa hizo hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe, jambo ambalo tutalirudia.

Sasa maswali. Hapa tunaomba mvumilie kidogo, kwa sababu neno moja linaweza kuliharibu daftari zima.

Mwulize kijana wa Manyatta hapa Kisumu, au wa Shabab, Nakuru: "Una kazi?" Atakuambia hana. Umemkuta amekalia pikipiki, amevaa koti la bodaboda, ameshabeba abiria tisa tangu asubuhi, na bado anakuambia: "Sina kazi, nashikilia tu." Hadanganyi. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kazi ni kuandikwa. Kazi ina barua, ina mshahara wa mwisho wa mwezi. Hayo mengine ni kuhangaika, ni kutafuta, ni vibarua. Ukimwandika hana ajira, umeifuata lugha na kuuacha ukweli wa takwimu, kwa maana kipimo cha kimataifa kinamhesabu mwenye ajira mtu aliyefanya kazi kwa malipo au faida hata kwa saa moja katika wiki ya kuulizwa.

Kwa hiyo neno "kazi" lisiwe swali la kwanza. Uliza hivi: "Wiki iliyopita, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kuna kitu chochote ulichofanya kikakupa pesa au kitu, hata kwa saa moja?" Akisema hapana, usiende mbele bado. Mtajie: kuuza kitu, kusuka nywele, kufua nguo za watu, kubeba mizigo sokoni, kukata miwa, kuendesha bodaboda, kusaidia duka la mjomba. Ni ajabu ni hapana ngapi hugeuka ndiyo hapo. Halafu uliza saa, na pesa zilizobaki baada ya gharama. Kwa bodaboda uliza pikipiki ni yake au anampelekea mwenye pikipiki kitu kila jioni, kwa sababu hao ni watu wawili tofauti ingawa wamevaa koti moja. Kwa mkulima, tenganisha cha kuuza na cha kula. Tangu mwaka 2013, vipimo vya kimataifa vinahesabu kulima chakula cha nyumbani kuwa kazi, lakini havihesabu hilo kuwa ajira. Msichana anayelima mahindi ya mama yake Lugari anafanya kazi kutwa nzima na bado anaweza kuwa hana ajira. Andika yote mawili.

Kwa asiye na ajira yapo maswali mawili ya lazima: katika wiki nne zilizopita umetafuta, kwa njia gani? Na ungepata leo, ungeweza kuanza? Usipoyauliza, utamweka katika fungu moja aliyezunguka viwandani kila siku na aliyekata tamaa akaacha kutafuta, na msaada wanaohitaji si mmoja.

Kisha liko swali la ushauri wenyewe, ambalo wengi huuliza vibaya: "Je, ushauri wa taaluma ulikusaidia?" Nani atamjibu mwalimu wake "haukunisaidia"? Badala yake uliza: "Hii shughuli unayofanya, nani alikuonyesha kwanza? Nani alikufunza? Ulipokuwa kidato cha tatu ulitaka kufanya nini, na lini ulibadilisha?" Majibu hayo huonyesha ni mlango gani uliofunguka kweli, uwe mwalimu, shangazi, kanisa au fundi wa Kibuye. Vilevile kijana huona haya kumwambia mwalimu aliyemfundisha kuwa anapasua mawe. Kwa hiyo mtu mwingine asiyemjua ampigie tena mmoja kati ya kila kumi, amwulize maswali matatu yale yale. Majibu yakitofautiana mno, shida iko kwa anayeuliza.

Maswali hayo yaandikwe mapema katika lugha zitakazotumika, Kiswahili na Dholuo, au Kiswahili na Kibukusu, na mtu wa pili ayarudishe katika lugha ya kwanza bila kuona ya awali. Mkiulizia papo kwa papo, kila anayeuliza atakuwa na swali lake.

Majira nayo hudanganya. Omena, wale dagaa wa ziwani, hufungwa kuvuliwa kuanzia Aprili hadi Julai. Ukiwahoji wachuuzi wa omena ufuoni Dunga mwezi wa Mei utaandika watu hawana kazi. Ukirudi Septemba utawakuta wameinama kwenye beseni. Waliofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wakiulizwa Machi wengi wako nyumbani wakingoja kuitwa vyuoni. Wakiulizwa Oktoba wamegawanyika. Chagueni mwezi mmoja na mshikilie mwezi huo huo kila mwaka. Kuuliza miezi 11 au 12 baada ya mtihani kunafaa kwa mara ya kwanza, na mwaka mmoja baadaye kwa mara ya pili. Kuuliza mara moja tu ni kupiga picha ya mtu anayetembea.

Baada ya majibu inakuja kazi ya kuyapanga, na hapa kuna neno moja tungependa lifutwe kwenye madaftari yote: "biashara". Mchukueni msichana wa mtaa wa Obunga anayeshughulika na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Alfajiri ananunua kwa jumla. Anaosha, anapara magamba, anakausha, anakaanga kwenye sufuria kubwa, jioni anapeleka sokoni. Daftari linasema "biashara". Katika uainishaji wa kazi wa ILO, ule wa ISCO-08 wenye aina 436 za kazi, kusafisha na kutayarisha samaki ni namba 7511, kuuza kwenye meza ya soko ni 5211, na kuuza chakula barabarani ni 5212. Stadi zake ni tofauti, hatari zake ni tofauti, mafunzo yatakayomfaa ni tofauti. Mwandikeni kwa anachokifanya saa nyingi zaidi, na cha pili kikae kwenye safu ya pili. Bodaboda ni 8321. Anayezitengeneza pikipiki hizo ni 7231, na huyo anaweza kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, akapata cheti cha mkono wake. Hilo lisingeonekana kama wote wawili mngewaandika "mambo ya pikipiki".

Kuhusu sheria tuseme kwa ufupi. Majina na nambari za simu ni data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu. Majina yakae kwenye daftari moja, majibu kwenye jingine, na kinachoyaunganisha kiwe namba tu. Ambaye hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi atoe idhini. Anayekusudia kuchapisha aombe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kabla ya simu ya kwanza, kisha apite kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Na kabla ya swali lolote, maneno kama haya yasomwe yalivyo: "Tunawauliza waliomaliza mwaka ule wanafanya nini sasa. Ni dakika kumi. Unaweza kukataa, au kuruka swali lolote. Jina lako halitaandikwa kwenye ripoti. Niendelee?"

Tuje sasa kwenye kutambua, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa.

Mara nyingi kutambua kumekuwa ni cheti chenye mhuri, picha na soda. Hatukatai, mtu aliyefanya kazi peke yake miaka mitatu anastahili kupigiwa makofi. Lakini makofi hayamlipii kredo. Na kuna jambo zito zaidi: ripoti ya mwalimu kutolewa kwa jina la mkubwa wake, au ya karani wa ofisi kuingizwa ndani ya ripoti ya idara bila jina lake kutajwa hata kwenye shukrani. Hilo linawavunja watu moyo kuliko kukosa pesa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutambua ni jina: aliyefanya kazi aandikwe ukurasa wa kwanza, na kila aliyesaidia aandikwe kwa alichokifanya, nani aliuliza, nani alihesabu, nani alitafsiri.

La pili ni mahali pa kuhifadhi. Nakala moja ikae shuleni, nyingine maktaba ya umma ya Kisumu, Nakuru au Kakamega, na ya tatu iwekwe mtandaoni ambapo itapewa namba ya kudumu. Zenodo, hifadhi ya utafiti ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, inampa mtu binafsi namba hiyo bila malipo, na ORCID inampa mtafiti utambulisho wa tarakimu 16 utakaomfuata hata akihamishwa kutoka Bondo hadi Molo. Si lazima uwe wa chuo kikuu kupata hivyo viwili. Kinachowekwa huko ni ripoti, maswali na hesabu. Majina na simu havitoki kabatini.

La tatu ni alama. Tunapendekeza jopo la wasomaji wawili wasiojua jina la mwandishi, kila mmoja atoe alama kati ya 100. Orodha na juhudi za kuwatafuta watu, 30. Maswali na namna yalivyojaribiwa, 20. Ukweli kuhusu wasiopatikana, 20. Swali la utafiti lenyewe, kama lina manufaa kwa shule au mtaa huo, 15. Na kilichobadilika baada ya matokeo kusomwa, 15. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 15, asome wa tatu. Mtaona hatujaweka alama za Kiingereza kizuri wala za idadi ya vitabu vilivyonukuliwa. Ripoti ya kurasa nane kwa Kiswahili yenye orodha kamili ipite mbele ya tasnifu ya kurasa 120 iliyowauliza wanafunzi kama "wanakubali sana" au "wanakubali" kwamba ushauri ni muhimu. Tumesoma tasnifu nyingi za namna hiyo kwenye rafu za vyuo vyetu. Zinaheshimika kwa bidii yake, lakini swali la maoni halitakuambia nani alipata riziki.

Na jopo lisiwe la maprofesa tupu. Awepo fundi anayefunza vijana, kwa sababu ndiye atakayegundua kwamba "welda" aliyeandikwa kwenye ripoti ni kijana wa kushika chuma tu, hajawahi kuachiwa mashine. Awepo afisa wa kazi wa kaunti. Awepo mmoja wa vijana wenyewe waliofuatiliwa, mwenye miaka 18 hadi 34, umri ambao Katiba inamwita kijana.

La nne ni muda na pesa kabla ya kazi. Shilingi 6,000 zile zitolewe mwanzoni, si kama zawadi mwishoni, maana zikingoja mwisho atakayeshinda ni mwenye pesa zake. Mwalimu apunguziwe vipindi vinne kwa wiki katika muhula wa kufuatilia. Na katika tathmini yake ya kazi, pale kwenye sehemu ya kukuza taaluma, mwalimu mkuu akubali ripoti hiyo kuwa ushahidi kama anavyokubali cheti cha semina ya siku mbili.

La tano, kila aliyeleta ripoti arudishiwe maoni ya maandishi, hata aliyepata alama 22. Aambiwe orodha yake ilikosa nini na swali gani liliwapotosha waliojibu. Huyo ndiye atakayerudi mwakani.

Kabla hatujakaa chini, liko swali ambalo halijapata mtu wa kulifanyia kazi vya kutosha, na limefika mlangoni. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, kila mmoja akiwa amechagua mkondo: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wamechagua wakiwa na miaka kama 15. Nani aliwashauri? Wangapi waliomba kubadilisha mkondo kabla ya muhula wa kwanza kuisha, na kwa nini: alama, karo, umbali, au shule haina maabara? Kumbukumbu za maombi hayo ziko kwenye ofisi za shule zenu sasa hivi, kwenye vikaratasi. Mwaka mmoja tu na vitakuwa vimetupwa.

Mwalimu mmoja kwa kila shule akiandika mambo manne, yaani mkondo wa kwanza, mkondo wa pili, tarehe ya kuhama na sababu kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, tutakuwa na orodha ambayo miaka mitano ijayo itatuwezesha kuwatafuta vijana hao na kuona kuhama kule kuliwafikisha wapi. Kuna madaftari yenye mistari ya safu hizo kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango. Kila shule ichukue mawili, moja la majina na moja la majibu. Na mwenye funguo za kabati la vyeti, tafadhali, aanze na hilo kabati Jumatatu asubuhi.

Asanteni sana.